Kupokezana uongozi katika Banki Kuu ya Kongo: Yahuma inahusika vipi?



Ukisema "gavana" hapa Kisangani, watu wanafikiri mara moja gavana wa jimbo la Tshopo. Lakini kuna gavana mwingine ambaye wengi wetu hatujawahi kumwona, ingawa sahihi yake tunaishika mkononi kila siku. Ni Gavana wa Banki Kuu ya Kongo. Sahihi yake imechapwa kwenye noti tunazolipia chumvi na sabuni, noti tunazopeleka shuleni kwa ajili ya watoto, na noti tunazozihesabu Jumapili baada ya ibada.

Julai 2025 sahihi hiyo ilipata mwenye mpya. Katika makanisa yetu, hata kule Yahuma, ambako habari za Kinshasa hufika kwa redio au kwa mtu aliyeshuka kutoka kwenye boti, swali lilikuwa moja: gavana wa pesa akibadilishwa, sisi tunapata nini, au tunapoteza nini? Katika makala hii tunaeleza Banki Kuu ni nini, nani wamepokezana kiti chake, sheria inasema nini, na mwananchi wa kawaida aangalie nini siku jina jipya linapotangazwa.

Banki Kuu ni nini?

Banki Kuu si banki ya kuweka akiba ya mtu binafsi. Ni banki ya serikali na ya mabanki mengine. Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo inaieleza katika kifungu cha 176. Ndiyo inayotoa pesa na kutunza fedha za umma. Ndiyo inayolinda thamani ya pesa na kusimamia kazi zote za mabanki. Tena ndiyo mshauri wa serikali katika mambo ya uchumi na fedha. Kifungu hicho hicho kinasema kwamba katika kazi hizo Banki Kuu iko huru na inajiendesha yenyewe. Kifungu cha 170 kinaitaja faranga ya Kongo kuwa pesa ya taifa, inayokubalika kulipia deni mahali popote nchini.

Neno "huru" ndilo kiini cha habari yote. Serikali ina mahitaji kila siku: mishahara, askari, barabara, uchaguzi. Kodi zikipungua, kuna kishawishi cha kuiambia Banki Kuu ichape noti au ikopeshe hazina. Noti zikiongezeka bila mali kuongezeka, bei zinapanda. Anayelipa si aliyeagiza noti zichapwe. Ni mama wa Yahuma aliyeuza mawese yake jana, ambaye leo anakuta pesa ile ile haitoshi kununua alichokusudia. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya Gavana ni kujua wakati wa kusema hapana, na kuwa na nguvu ya kuisema.

Pesa inavyofika Yahuma

Yahuma ni moja ya wilaya saba za Tshopo, pamoja na Bafwasende, Banalia, Basoko, Isangi, Opala na Ubundu. Iko magharibi ya Kisangani, ng'ambo ya kusini ya mto Kongo, katika nchi ya misitu na michikichi. Kutoka Kisangani hadi Kinshasa, kwa njia ya mto, ni kilomita zipatazo 1,700. Mtu anaweza kudhani kwamba uamuzi uliofanywa mbali hivyo unachoka njiani. Haichoki hata kidogo. Unafika kwa njia nne.

Njia ya kwanza ni noti zenyewe. Banki Kuu ndiyo inayoleta noti mpya na kuondoa zilizochakaa. Mahali palipo mbali na banki, noti huzunguka mpaka inaungwa kwa gundi, na wauzaji wanaanza kuikataa.

Njia ya pili ni bei ya dola. Chumvi, sabuni, dawa, nguo, petroli ya pikipiki na mashine za boti: mwenye duka hupiga hesabu zake kwa dola hata kama anakuuzia kwa faranga. Dola ikipanda Kinshasa asubuhi, simu inapigwa, na kabla ya jioni bei ya Kisangani imebadilika. Yahuma inafuata boti inapofika.

Njia ya tatu ni usalama wa akiba. Banki Kuu ndiyo inayotoa ruhusa na kuchunguza mabanki, vyama vya akiba na mikopo, na huduma za pesa za simu. Mwalimu anayepokea mshahara kwa simu anategemea uchunguzi huo, hata asipoujua.

Njia ya nne ni riba. Banki Kuu hupanga riba inayotoza mabanki, na mabanki hufuata yanapokopesha wafanyabiashara. Wachache Yahuma wanakopa banki, lakini mfanyabiashara wa Kisangani anayewaletea bidhaa huenda amekopa.

Kabla ya gavana wa kwanza Mkongo

Kabla ya noti, watu wa mto huu walikuwa na pesa zao. Walokele, Watopoke na majirani wao walitumia liganda, chuma kikubwa chenye umbo la ncha ya mkuki, chenye urefu wa karibu kimo cha mtu. Kilitumika hasa kwa mahari na mambo mazito. Liganda haikuwa na sahihi ya mtu. Thamani yake ilikuwa katika chuma na katika kazi ya mhunzi, na hakuna aliyeweza kutengeneza elfu moja kwa usiku mmoja.

Noti ni kitu kingine. Ni karatasi, na thamani yake ni ahadi. Ahadi inahitaji mtu wa kuitunza.

Banki ya Kongo ya Kibelgiji iliundwa mwaka 1909. Ilikuwa banki ya watu binafsi iliyopewa haki ya kutoa pesa. Noti zake za 1912 zilichapwa zikiwa na majina ya miji ilikotolewa: Elisabethville, Kinshasa, Matadi na Stanleyville, yaani Kisangani yetu. Mwaka 1951 Wabelgiji waliunda Banki Kuu ya Kongo ya Kibelgiji na Ruanda-Urundi, ikaanza kazi mwaka 1952. Baada ya uhuru wa tarehe 30 Juni 1960, baraza la muda la fedha lilishika kazi hiyo. Sheria ya Februari 1961 ikaanzisha Banki ya Taifa ya Kongo, nayo ikafungua milango mwaka 1964. Mwaka 1971, nchi ilipobadilishwa jina, ikawa Banki ya Zaire. Mwaka 1997 ikawa Banki Kuu ya Kongo, jina ililo nalo hadi leo.

Waliokalia kiti hicho

Albert Ndele ndiye gavana wa kwanza Mkongo. Aliongoza tangu 1961 hadi 1970. Katika siku zake, Juni 1967, pesa mpya iliyoitwa zaire ilianzishwa. Zaire moja ilikuwa faranga 1,000 za zamani, na ilikuwa na thamani ya dola 2 za Marekani. Wazee wetu bado wanakumbuka nguvu ya pesa ile.

Jules-Fontaine Sambwa alimfuata, akaongoza 1970 hadi 1977, kisha akarudishwa tena 1980 hadi 1985. Kati ya vipindi vyake viwili ndipo hali ilipoharibika. Wakopeshaji wa nchi za nje hawakuwa na imani tena, na mwaka 1978 Shirika la Fedha la Kimataifa lilimtuma Mjerumani Erwin Blumenthal, aliyekuwa mkubwa katika banki kuu ya Ujerumani, ashike nafasi ya juu ndani ya Banki ya Zaire. Alikaa karibu mwaka mmoja tu. Ripoti yake ya 1982 ilieleza jinsi wakubwa wa serikali walivyochota fedha za banki, na ilionya kwamba wakopeshaji wasitegemee kulipwa. Hata mgeni mwenye mamlaka makubwa hakuweza kufunga mlango ambao Rais mwenyewe alitaka ubaki wazi.

Ni katika miaka hiyo ndipo watu wa vijijini walipopata pigo wasilolisahau. Tarehe 25 Desemba 1979, siku ya Krismasi, ilitangazwa kwamba noti za zaire 5 na zaire 10 hazina thamani tena, na kwamba watu wana siku chache tu za kuzibadilisha banki. Mtu wa Kinshasa aliweza kupanga foleni. Mtu wa kijiji kilicho siku kadhaa kutoka banki ya karibu alibaki na karatasi. Akiba ya mavuno, mahari iliyokuwa ikikusanywa, fedha za kujenga kanisa, vyote vilikwenda.

Pierre Pay-Pay wa Syakasighe, mtu wa Kivu ya Kaskazini, aliongoza 1985 hadi 1991. Nyembo Shabani alimfuata 1991. Mwishoni mwa 1992 ilitolewa noti ya zaire 5,000,000. Étienne Tshisekedi, aliyejihesabu kuwa waziri mkuu halali, aliikataa. Rais Mobutu aliilazimisha. Januari 1993 askari wa Kinshasa walilipwa kwa noti hiyo, wauzaji wakaikataa, na ghasia zikaua watu wengi, pamoja na balozi wa Ufaransa. Oktoba 1993 ikaletwa zaire mpya, moja kwa zaire 3,000,000 za zamani. Majimbo ya Kasai yalikataa kuipokea na kuendelea na noti za zamani. Mwaka 1994 mfumuko wa bei ulipita asilimia 9,000. Katika miaka ile magavana walibadilishwa mara kwa mara, na kila mmoja alikuta kisima kile kile hakina maji.

Jean-Claude Masangu Mulongo aliteuliwa mwaka 1997, chini ya Rais Laurent-Désiré Kabila. Tarehe 30 Juni 1998 faranga ya Kongo ilirudi, moja kwa zaire mpya 100,000. Pigeni hesabu: faranga moja ya siku ile ilikuwa sawa na zaire bilioni 300 za zamani. Masangu alibaki hadi Mei 2013, karibu miaka 16.

Deogratias Mutombo Mwana Nyembo aliongoza Mei 2013 hadi Julai 2021. Malangu Kabedi Mbuyi, mwanamke wa kwanza katika kiti hicho, aliongoza Julai 2021 hadi katikati ya 2025. André Wameso aliteuliwa Julai 2025 na kukabidhiwa ofisi mwezi uliofuata.

Sheria inasema nini

Kwa muda mrefu gavana alikaa kadiri Rais alivyopenda. Sheria ya tarehe 7 Mei 2002 ilijaribu kuipa banki uhuru zaidi na kazi yenye mipaka. Sheria ya Desemba 2018 ilichukua nafasi yake na kuimarisha mambo hayo. Gavana huteuliwa kwa agizo la Rais wa Jamhuri, baada ya pendekezo la serikali kujadiliwa katika baraza la mawaziri. Kipindi chake ni miaka 5. Wasaidizi wake, yaani makamu wa gavana, nao huteuliwa kwa agizo.

Kwa nini miaka 5, na kwa nini kipindi kiandikwe? Kwa sababu mtu anayejua kwamba anaweza kufukuzwa kesho hawezi kukataa leo. Kipindi kilichoandikwa ni ngao. Kinamruhusu kumwambia waziri wa fedha, kwa heshima, kwamba hakuna pesa ya kukopesha. Lakini ngao hiyo inafanya kazi tu kama pande mbili zinaiheshimu: gavana asiondolewe kabla ya wakati bila sababu iliyo wazi, wala asiachwe kitini baada ya wakati wake bila uamuzi ulio wazi.

Tukitazama miaka iliyopita, kalenda ya sheria na kalenda ya siasa hazijatembea pamoja. Mutombo alikaa miaka 8, ambayo si kipindi kimoja wala viwili kamili. Malangu Kabedi alikaa miaka 4, pungufu ya mitano. Hatusemi kwamba mmoja wao alitendewa vibaya. Tunasema tu kwamba mwananchi akitaka kujua ni lini kiti hicho kitabadilika, kusoma sheria peke yake hakumtoshi.

Mtu mmoja, matokeo mawili

Wengi hufikiri kwamba habari yote ni jina la gavana. Historia yetu inatufundisha vingine, na mfano mzuri ni Masangu.

Mwaka 2000, Masangu akiwa kitini, mfumuko wa bei ulipita asilimia 500. Serikali ilikuwa vitani, ilitumia kuliko ilivyopata, na banki ilijaza pengo. Mwaka mmoja kabla yake serikali ilikuwa imekataza biashara ya ndani kwa dola, na dola zikajificha chini ya magodoro. Mei 2001, chini ya Rais Joseph Kabila, faranga iliachwa itafute bei yake sokoni, na matumizi ya serikali yakafungwa kwa kile kilichokusanywa. Bei zikatulia. Mwaka 2012, Masangu yule yule akiwa kitini, mfumuko wa bei ulikuwa chini ya asilimia 3, na Julai mwaka huo noti za faranga 1,000, 5,000, 10,000 na 20,000 zikaingia sokoni bila ghasia yoyote.

Gavana hakubadilika. Kilichobadilika ni kama hazina iliweza kuingiza mkono katika banki au la.

Kwa Mutombo mambo yalikwenda kinyume. Alirithi faranga iliyotulia. Mwanzoni mwa 2016 dola moja ilikuwa karibu faranga 930. Kisha bei ya shaba ikawa imeshuka, kodi zikapungua, na serikali ikakopa banki. Mwaka 2018 dola moja ilikuwa zaidi ya faranga 1,600. Tuiweke hesabu hii Yahuma. Familia iliyoweka akiba ya faranga 93,000 mwaka 2016 ilikuwa na dola 100. Miaka miwili baadaye, faranga zile zile zilikuwa dola 58. Hakuna mwizi aliyeingia nyumbani, lakini dola 42 zilikuwa zimeondoka. Mwaka 2020 serikali na Banki Kuu zikawekeana mapatano kwamba banki isikopeshe tena hazina. Ni tangu hapo ndipo hali ilipoanza kutengenezeka.

Mabadiliko ya 2021 na ya 2025

Malangu Kabedi Mbuyi aliingia akitoka Shirika la Fedha la Kimataifa, alikofanya kazi miaka mingi. Katika siku zake akiba ya nchi ya fedha za kigeni ilipanda hadi zaidi ya dola bilioni 5. Hata hivyo hazikuwa siku nyepesi. Mwaka 2023 bei zilipanda zaidi ya asilimia 20, na Agosti mwaka huo banki ikapandisha riba yake hadi asilimia 25. Januari 2025 Goma ikatekwa na M23, na mabanki ya mji huo yakafungwa. Ndugu zetu wa huko wakaonja maana ya kuishi bila Banki Kuu: pesa ikawa haba, na noti chakavu zikawa ndizo zilizobaki.

André Wameso alitoka ofisi ya Rais Félix Tshisekedi, alikokuwa naibu mkurugenzi anayeshughulikia uchumi na fedha. Alikuta dola moja ikiwa karibu faranga 2,850. Kufikia Oktoba 2025 banki ilikuwa imeuza dola sokoni, na dola ikashuka chini ya faranga 2,500. Mwezi huo huo, kwa kuwa mfumuko wa bei ulikuwa umeshuka chini ya asilimia 10, riba ya banki ilishushwa kutoka asilimia 25 hadi 17.5.

Wengi walifurahi, na ilikuwa haki yao. Lakini tuangalie pande zote. Mtu aliyekuwa na dola 100 alizozitunza kwa ajili ya ada alizoea kupata faranga 285,000. Dola ikiwa 2,500, anapata 250,000. Amepoteza faranga 35,000 bila kununua kitu. Na muuza duka aliyenunua mzigo wake kwa bei ya zamani hakushusha bei siku ile ile. Faranga yenye nguvu ni jambo jema, lakini faranga inayopanda na kushuka kwa haraka humchanganya maskini kuliko tajiri, kwa maana tajiri ana mtu wa kumpigia hesabu. Nchini mwetu karibu tisa kati ya kumi ya akiba zilizo banki ziko katika dola. Hiyo ndiyo kumbukumbu ya 1979 na ya 1993 ikiendelea kusema.

Je, gavana anayetoka ofisi ya Rais anaweza kumkatalia Rais? Swali hilo si la kumshutumu mtu. Angeulizwa yeyote aliyefuata njia hiyo, na jibu halitoki mdomoni. Linaonekana katika hesabu za banki, mwezi kwa mwezi: hazina imekopa au haikukopa?

Majirani wanafanyaje?

Kenya humweka gavana mteule mbele ya kamati ya bunge, ahojiwe hadharani kabla ya kushika kazi. Kamau Thugge alipita hapo mwaka 2023, baada ya Patrick Njoroge kumaliza vipindi vyake viwili vya miaka minne minne. Wakenya walijua mwezi ambao kiti kitabadilika miaka kabla ya kubadilika.

Uganda ina somo jingine. Emmanuel Tumusiime-Mutebile aliongoza banki yao tangu 2001 mpaka alipofariki Januari 2022 akiwa bado kazini. Naibu wake, Michael Atingi-Ego, aliishika banki zaidi ya miaka mitatu bila cheo cha gavana kamili, ndipo akateuliwa Machi 2025. Kiti kilikaa wazi muda mrefu, lakini kazi haikusimama, kwa sababu nyuma ya mtu mmoja kulikuwa na watu waliozoezwa.

Kwetu gavana mteule hahojiwi na bunge mbele ya wananchi. Jina linasomwa kwenye televisheni ya taifa usiku, na asubuhi wabadilisha pesa wa kando ya barabara ndio wa kwanza kutoa maoni yao, kwa kupandisha au kushusha bei.

Mambo matano ya kuangalia gavana anapobadilika

Tunayaweka hapa kwa ajili ya wahazini wa makanisa, viongozi wa vikundi vya akina mama, walimu na wafanyabiashara wadogo.

1. Aliyetoka ametoka kwa sababu gani? Amemaliza kipindi, amejiuzulu, au ameondolewa? Sababu ikitajwa wazi, anayeingia anajua mipaka yake.

2. Je, makabidhiano yamefanyika kwa hesabu zilizoandikwa? Akiba ya nchi ni kiasi gani siku ya kukabidhi? Bila namba hiyo, hakuna atakayejua baadaye nani alijenga na nani alibomoa.

3. Hazina inakopa banki? Hilo ndilo swali kubwa kuliko yote, na limeamua hatima ya kila gavana tuliyemtaja.

4. Bei ya dola inakwenda polepole au kwa kuruka? Msibadilishe akiba yote ya kikundi kwa siku moja kwa sababu ya uvumi, si ya kuingia faranga wala ya kuingia dola. Fedha ya matumizi ya karibuni ikae katika pesa mtakayolipia.

5. Kuna tangazo la noti? Mtu akiwaambia kwamba noti fulani imefutwa, msiuze kwa nusu ya bei kwa hofu. Ulizeni banki au redio kwanza. Lakini pia msirundike noti nyingi nyumbani kwa miaka. Waliopoteza mwaka 1979 walikuwa watu waangalifu. Kosa lao lilikuwa tu kukaa mbali.

Kwa kumaliza

Sisi wa makanisa hatuna haki ya kuwanyooshea wengine kidole. Tunajua jinsi ilivyo vigumu kukabidhi kiti kwa amani, kufungua sanduku mbele ya mashahidi, na kumwachia mwenzako kitabu cha hesabu kisicho na ukurasa uliochanwa. Ndiyo maana tunaielewa habari hii ya Banki Kuu kuliko tunavyodhani.

Gavana mpya atakuja, na baada yake mwingine. Tunachotakiana ni siku ambayo mabadiliko hayo yatafanyika Kinshasa, na mama wa Yahuma aliyeuza mawese yake Jumamosi aamke Jumatatu akute pesa yake inanunua chumvi ile ile, kipimo kile kile. Asipojua hata kwamba gavana amebadilika, hapo ndipo tutajua kwamba wamepokezana vizuri.